Mifarishi Juu ya Zege

Marlys Tervo alilirudisha lori la kwanza saa moja na nusu asubuhi, mbele ya nusu ya mji wa Eskola, na maishani mwake hakuwahi kufanya jambo lililomnogea kama hilo.

Lori lenyewe lilikuwa limetoka kiwandani, mwendo wa kilomita sitini, pipa lake la mgongoni likizunguka taratibu njia nzima. Dereva alikuwa Wendell Stropko, mgane wa miaka hamsini na saba, mtu wa masharubu mengi na maneno machache. Alisimama pembeni, mikono mfukoni, akimtazama Marlys akikinga zege kidogo kwenye toroli, akilishindilia ndani ya chungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza, akipampu, akiusoma mshale wa kipimo. Marlys hakuamini, akakimwaga chungu, akakijaza upya, akapima tena. Asilimia tatu ya hewa. Yeye alikuwa ameagiza sita.

"Rudisha," akasema.

Wendell akakuna shingo. "Lote?"

"Lote. Waambie wamesahau dawa ya hewa. Na wakikwambia halina neno, waambie Marlys Tervo kasema lina neno."

Mtu yeyote wa kaskazini ya jimbo la Minnesota aliyewahi kusahau chupa ya bia nje mwezi wa Januari anajua kwamba maji yakiganda hutanuka, na hayaombi ruhusa kwa mtu. Zege nalo hunywa maji ya theluji kwa siri. Yakiganda humo ndani na kukosa pa kwenda, huupasua uso wa zege na kuumenya kama pua iliyochomwa na jua. Ndiyo maana zege la nchi za baridi hutiwa viputo vya hewa, vidogo visivyoonekana, mamilioni kwa mamilioni, vikae humo kama vyumba vya wageni vinavyosubiri barafu ije ilale bila kuvunja nyumba.

Marlys aliyajua hayo tangu akiwa msichana. Miaka thelathini alikuwa fundi wa kusawazisha zege chini ya mabwana wengine, na miaka thelathini aliwaona wakichukua mpira wa maji na kulizimua zege liteleze upesi, wawahi kwenda kula. Akifungua mdomo, huambiwa, "Wewe sugua tu, mama." Akasugua. Baada ya majira matatu ya baridi, kazi yake mwenyewe ilianza kubanduka, na kulikuwa na mitaa mitano hapo Eskola ambayo hakupita na gari lake, asije akaiona. Masika iliyopita, akiwa na miaka hamsini na mbili, aliamua kuanzisha kampuni yake na mafundi wanne. Huu uwanja wa kuegesha magari wa ukumbi wa michezo ya barafu ndio ulikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Theluthi mbili alishazimwaga Septemba. Kisha mvua ikanyesha wiki tatu mfululizo, na sasa ilikuwa katikati ya Oktoba na kipande cha mwisho kilikuwa bado.

Duane Bjorklund, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, alikuwa amekuja na kikombe chake cha kahawa ili asipitwe. Mjini walipopiga kura, yeye alitaka lami. Zege lilishinda kwa kura moja, na tangu hapo Duane alikuwa akiitafuta hiyo kura ilikotoka.

"Marlys," akaita kutoka nyuma ya kamba, "tumekuajiri utuletee zege, nawe umelifukuza kwa sababu halina hewa. Hewa si hii hapa? Nikupulizie?"

Watu wakacheka.

"Bwana Duane," Marlys akajibu, "matairi ya gari lako huwa unayajaza nini? Mawe?"

Wakacheka zaidi, safari hii wakimgeukia Duane. Marlys alikuwa amejiandaa kuchekwa. Badala yake alihisi kitu chepesi kikimpanda kutoka tumboni hadi kooni kama soda iliyotikiswa, na kabla hajajua, naye alikuwa anacheka, amejishika magoti, machozi yanamtoka. Alikuwa amesema rudisha, na lori zima, tani ishirini na kitu, lilikuwa linarudi.

Wendell alichungulia dirishani kabla ya kuondoka. "Nimesubiri miaka ishirini mtu aniambie hivyo," akasema. "Huwa najua ninachobeba." Hayo yalikuwa maneno mengi kwake. Akapiga honi mara mbili na kwenda zake.

Saa nne alirudi na lori jingine. Asilimia sita na robo. Marlys alimwonyesha mshale kama mama anayemwonyesha jirani mtoto mchanga, na kazi ikaanza.

Zege lilishuka kwenye mfereji wa lori, zito na la kijivu, likatandazwa juu ya kokoto alizozishindilia yeye mwenyewe kiangazi kizima mpaka zikawa ngumu kama sakafu. Lori likifuata lori. Mafundi wakalivuta kwa ubao mrefu, wakiufuata mwinamo aliouweka ili maji yaende zake mtaroni yasitulie hata nusu saa. Fundi mmoja akatazama huku na huku akitafuta mpira wa maji. Bombani hapakuwa na kishikio. Kishikio kilikuwa mfukoni mwa Marlys, na kila alipoinama kilimchoma pajani, na kila kilipomchoma alitabasamu. Mwishoni walilipitishia ufagio mpana ili uso ukwaruze kidogo, watu wasije kuteleza. Saa nane mchana kipande chote kilikuwa kimelala, sawasawa, chenye mistari mizuri kama kitambaa cha kodrai.

Hapo ndipo simu ilipolia.

Marlys alisikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili na "Wisconsin?" mara moja, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mablanketi ya kufunikia zege, yale mazito aliyoagiza mapema kama mtu mwenye akili zake, yalikuwa yamefika salama Eskola. Eskola nyingine. Eskola ya Wisconsin, jimbo la jirani, saa saba za barabarani kutoka pale. Na redio ilikuwa imetabiri nyuzi tisa chini ya sifuri usiku ule.

Zege changa likiganda kwa barafu usiku wake wa kwanza limekwisha. Viputo haviliokoi, kwa kuwa bado halijapata mifupa.

"Kuna nini?" Duane akauliza. Alikuwa amekwenda kula na kurudi.

Marlys akamwambia. Alisubiri aseme kitu kuhusu lami. Duane alilitazama zege, akamtazama mwanamke aliyekaa kwenye ndoo, akavua kofia. Alikuwa ameshinda pale tangu asubuhi na, ingawa asingekiri mbele ya kamati, kazi ile ilikuwa imemwingia.

Wendell naye alikuwa bado yupo, anaosha mfereji wa lori lake la mwisho. "Mama yangu alikuwa akifunika nyanya kwa mashuka," akasema.

"Huu si mche wa nyanya, Wendell. Ni mita za mraba mia sita."

"Basi nyanya kubwa."

Pembeni, penye meza ya kahawa na keki, alikuwepo Arlene Quisberg, mama wa miaka sabini na tisa, mkuu wa wanawake wa kanisani wanaoshona mifarishi, yale mablanketi ya viraka. Hushona kila Jumanne mwaka mzima, na kila msimu wa kupukutika majani huyapeleka kwa wakimbizi wa nchi za mbali.

"Ungehitaji mangapi, mwanangu?" Arlene akauliza.

"Mia mbili. Zaidi kidogo."

"Tunayo mia moja na arobaini na sita, kwenye maboksi, chini ya kanisa. Yanaondoka Ijumaa ijayo." Akakunja kitambaa cha meza kwa utulivu. "Kulala nje siku tatu si dhambi. Ila yasiguswe na zege."

"Hayataguswa. Kuna karatasi ya nailoni, ya chini na ya juu." Marlys alikuwa amesimama tayari. "Mama Arlene, una hakika?"

"Mimi ndiye niliyepiga ile kura anayoitafuta Duane," Arlene akasema. "Sasa nitaiacha igande?"

Duane akageuka kumtazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kabati la sukari. "Arlene. Wewe?"

"Mimi. Lete gari lako, lina sehemu kubwa ya nyuma."

Na Duane akalileta. Kufikia saa kumi magari yalikuwa yamepanga mstari mpaka kwenye duka la zana. Yalikuja maboksi ya kanisani, yakaja mablanketi ya majumbani, yakaja mafuko ya kulalia ya wawinda paa, pazia la jukwaa la shule, na mkulima mmoja akaleta marobota arobaini ya nyasi kavu bila kuulizwa na mtu. Jua lilikuwa limeanza kuinama na pumzi za watu zilionekana.

Marlys alipanda juu ya robota moja. Zege lilikuwa limeshikana kiasi cha kubeba mtu, lakini mtu mwepesi, aliye juu ya mbao. Si mabuti.

"Vueni viatu," akatangaza. "Anayekanyaga huku anakanyaga kwa soksi, juu ya ubao, na hakimbii mtu."

Watu wakatazama miguu yao. Kisha mji mzima ukaanza kufungua kamba za viatu. Mabuti yakapangwa ukingoni kama msikitini, na wazee, walimu, polisi mmoja na timu nzima ya wasichana wa magongo ya barafuni wakasimama kwenye baridi na soksi za sufu, wakiinua mguu huu na ule kama kuku kwenye bati la moto. Duane alivua cha kwanza, akasita, akavua cha pili. Soksi zake zilikuwa na bata wa manjano.

"Alininunulia mke wangu," akasema.

"Wazuri," Wendell akamwambia kwa heshima zote. "Mguuni mwako wananenepa."

Mpaka polisi akalazimika kukaa chini kwa kicheko. Na kicheko kile hakikwisha. Mifarishi ilipita mkono kwa mkono juu ya mbao, mwekundu, wa bluu, wa maua, wa suruali kuukuu za jeans, na kila mmoja ulikuwa na mwenyewe wa kuusimulia. "Hili ni gauni langu la ubatizo." "Hiki kiraka ni suti ya mume wangu Harold, usikifunue." Marlys alikwenda mbele yao akitandaza nailoni, akiwarudi waliokanyaga pembeni, sauti ikimkauka, akihisi kwamba angepuliziwa kidogo tu angepaa kama mwavuli. Karibu na ukingo wa mashariki Duane aliteleza kwenye ubao, na unyayo wake mmoja ukabaki kwenye zege, kisigino na vidole vyote. Alimtazama Marlys kama mtoto aliyevunja sahani. Marlys angeweza kuufuta kwa mwiko. Akauacha.

Kabla giza halijaingia, mahali palipokuwa kijivu palikuwa bustani. Wakatandika nailoni ya juu, wakapanga marobota ya nyasi kandokando upepo usipenye, wakaenda ndani ya ukumbi kupasha miguu na kula viazi vya kuokwa na nyama ambavyo mtu, katika patashika ile, alikuwa amepata muda wa kuvipika kwa sinia kumi na moja.

Asubuhi, vioo vya magari yote ya Eskola vilikuwa vyeupe na vidimbwi vyote vilikuwa vigumu kama bati. Marlys alifika kabla ya jua na kumkuta Wendell, siku yake ya mapumziko, amesimama kando ya marobota na vikombe viwili vya kahawa.

"Sijagusa kitu," Wendell akasema. "Nimekuja kusimama tu."

Marlys alipiga magoti, akapenyeza mkono chini ya mfarishi wa nyota za kijani, akakivuta kipimajoto alichokuwa amekilaza juu ya zege. Alikitazama kwa muda mrefu mpaka Wendell akashindwa kuvumilia.

"Je?"

"Nyuzi kumi na mbili," Marlys akasema. "Juu ya sifuri. Lina joto kuliko mimi." Kisha akamshika Wendell masharubu kwa mikono miwili na kumbusu, na kahawa yote ikamwagika kwenye nyasi, na hakuna aliyeijutia.

Mifarishi ilitolewa siku ya nne, mikavu na safi. Ilifunguliwa, ikakunjwa, na Ijumaa ikasafiri kama ilivyopangwa.

Majira ya baridi yalikuja na ukali wake. Marlys alikuwa ameagiza mchanga tu umwagwe juu ya barafu mwaka wa kwanza, si chumvi hata chembe, maana chumvi hula zege changa, na aliyesimamia amri hiyo hakuwa mwingine ila Duane Bjorklund. Mwezi wa Februari alimfukuza dereva mmoja wa gari la kusukuma theluji kuzunguka uwanja mzima, na koleo la mchanga mkononi, kwa sababu aliona mfuko wa chumvi kwenye kiti chake cha mbele. Dereva alisema ni wa nyumbani kwake. Duane alimwambia akauegeshe nyumbani kwake.

Katikati ya Aprili theluji ya mwisho iliyeyuka na maji yakaenda mtaroni, yasitulie hata nusu saa. Marlys alikwenda na mnyororo mzito, akauvuta nyuma yake juu ya zege akisikiliza, maana zege lililoachana ndani hulia kama ngoma tupu. Alivuta mstari wa kwanza, wa pili, wa kumi. Mnyororo uliimba sauti ile ile, ya juu na safi. Alipiga magoti na kupapasa uso kwa kiganja. Mistari ya ufagio ilikuwa bado mikali kama siku ile.

Duane alitoka ukumbini akafuatana naye kidogo. "Unatafuta nini hasa?"

"Kosa."

"Umelipata?"

"Bado."

"Basi umemaliza. Hapa ulishapita."

"Najua," Marlys akasema, akaushika tena mnyororo na kuanza mstari mwingine.