Joto la Bibi Gunnvor

Eilif alimaliza kuijengea pampu ya joto kibanda siku theluji ilipoanza. Katika bonde lile la Norwe kila mtu huijengea yake, maana mashine ya nje ni sanduku la bati lenye feni, na watu hawataki ubaya uonekane barabarani. Kibanda kilikuwa cha mbao, chekundu kama nyumba yenyewe, na kilichorewa dirisha.

Mama yake, Gunnvor, alikitazama akiwa amevaa koti. Begi lake lilikuwa tayari garini.

"Mashine umeijengea nyumba," alisema. "Mimi umenitafutia chumba."

"Mama, acha hizo. Ni mpaka tumalize ukarabati tu."

"Na jiko langu?"

Jiko la kuni lilikwisha ng'olewa na bomba la moshi kuzibwa. Muuzaji alisema pampu inatosha: huvuta joto kutoka kwenye hewa ya nje, hata iwe ya baridi, na kuliingiza ndani. Mtu mwenye akili bondeni hununua pampu na jiko asiliguse, lakini Eilif na mkewe Turid walitaka nafasi ya kochi. Gunnvor akapelekwa nyumba ya kutunzia wazee, ng'ambo ya mto.

Januari baridi ilifika nyuzi arobaini chini ya sifuri. Pampu za majirani zilinguruma zikashindwa, nao wakarudi kwenye kuni. Ya Eilif iliendelea kupuliza joto, na joto hilo lilinukia kahawa na sabuni ya Gunnvor. Turid alitembea ndani bila soksi.

"Mama yuko humu," alisema akipanga vikombe.

"Ndiyo, nimemnusa," alijibu Eilif.

Muuguzi akapiga simu. Alisema mama anapoa. Chumba kina joto na wamemfunika mablanketi yote, ila yeye anazidi kupoa.

Eilif alivuka daraja. Alimkuta mama yake ameketi kitandani na kofia ya sufu, maji yameganda ndani ya glasi aliyoishika. Muuguzi alikuwa akimpangusa barafu kwenye nyusi kwa taulo, kama anavyowapangusa wengine uji mdomoni.

"Nyumbani mko vizuri?" aliuliza mama.

"Tuko vizuri, Mama."

"Najua. Mkiongeza nasikia. Mwambie mkeo mimi si tanuri."

"Nitaizima."

"Uizime mgande? Jiko si mmelitupa? Nirudishe nyumbani, mwanangu. Nikikaa mle ndani, joto litazunguka mle mle, nami nitaliota na nyinyi."

Lilikuwa jambo jepesi, na Eilif alilielewa. Ila kwenye chumba cha mama sasa palikuwa na meza ya Turid ya kushonea na zulia jipya.

"Baada ya Pasaka," alisema. Aliona haya, na haya zile hazikumfanya aseme lingine.

Nyumbani alichukua rimoti akapunguza joto. Turid alivaa sweta akavumilia mpaka wakati wa chakula, kisha akapandisha tena, akisema mama mwenyewe hapendi wagande. Kesho yake walimpelekea soksi za sufu, nzuri, za bei.

Gunnvor alikufa Machi, kabla ya Pasaka. Jeneza lilikuwa zito kwa barafu, wakaongezwa wabebaji. Eilif alilia kanisani kilio cha kweli; alimpenda mama yake, na hilo hakuna bondeni anayelibisha.

Siku ile ile aliyokufa, pampu ilianza kupuliza baridi. Fundi alikuja, akaondoa kibanda, akachungulia, akajifuta mikono.

"Mashine ni nzima hii," alisema. "Aliyekuwa anaipa joto ndiye kaisha. Mnaye mwingine?"

"Mwingine nani?" aliuliza Turid.

"Mzazi mwingine, shemeji. Wengi hutumia mzazi. Ila awe amekaa mbali kidogo. Akikaa humu humu haivuti."

Turid alikuwa na baba, Halvor, aliyeishi peke yake bonde la pili, mzima wa afya, bado akipasua kuni zake mwenyewe. Alimtazama mumewe. Eilif angeweza kusema neno. Alimsindikiza fundi mpaka garini, akamshukuru.

Aliporudi, Turid alikuwa amejifunika blanketi, simu sikioni.

"Baba," alikuwa akisema kwa upole, "hujachoka kukaa peke yako?"