Laini Isiyochomoka

Madam Abeer alikuwa na kopo la biskuti lisilo na biskuti. Ndani yake aliweka kadi za simu za wasichana waliowahi kumfanyia kazi, kila moja imefungwa kwa kipande cha tishu na kuandikwa jina kwa Kiarabu. Nililiona mwezi wangu wa kwanza Riyadh, nikipangusa vumbi kwenye kabati lake kule Suwaidi. Vifurushi vilikuwa vitano. Mwanamke mzima, shahada ya chuo kikuu imetundikwa ukutani, aliamini kwamba sauti ya mtu hukaa ndani ya kipande cha plastiki kinachotoshana na ukucha, na kwamba ukikifungia kabatini umemfunga mwenyewe mdomo.

Kabla ya kwenda Saudia nilisajili laini za simu pale soko la Kimilili kwa miaka minne, jua langu mvua yangu. Nilijua kadi ni nini. Kadi ni kitambulisho. Simu ikifika karibu na mnara, mnara unauliza, "Wewe nani?" na kadi inajibu, "Mimi namba fulani." Kazi yake ni hiyo tu. Na kabla sijaondoka nyumbani zilikuwa zimeshaingia laini zisizo na kadi, zile wanazoziita eSIM. Ni kitambulisho kile kile, ila hakiandikwi kwenye plastiki. Kinaandikwa kwenye chipu iliyogandishwa ndani ya simu tangu kiwandani. Hapo hakuna cha kuchomoa.

Simu yenyewe alinipa Madam. Mwaka wa pili alinunua mpya, akanitupia ile ya zamani yenye ufa kwenye kioo, akaniambia nimshukuru Mungu kwa kunipa bosi mwenye moyo. Nilimshukuru. Kisha nikaenda chooni nikabonyeza nyota, reli, sufuri, sita, reli, na pale kwenye kioo kukatokea msururu wa tarakimu thelathini na mbili ulioandikwa EID. Hiyo ndiyo alama kwamba simu ina ile chipu. Alidhani amenipa takataka.

Sasa niwaeleze kuhusu Laban. Wakenya wa Riyadh tulikuwa na grupu la WhatsApp, na mwenyekiti alikuwa yeye, Injinia Laban. Alisimamia mafundi wa viyoyozi, na ikama yake, kile kibali cha ukaazi, iliandikwa "mhandisi", neno ambalo alilitaja mara nyingi kuliko jina la mkewe. Sisi wa majumbani alituita "my girls", hata Mama Nehemiah ambaye ana wajukuu wanne. Mkataba wangu ulipobakiza miezi miwili, niliuliza kwenye grupu kama kuna aliyewahi kutumia eSIM ya wasafiri hapa Saudia, ile inayonunuliwa mtandaoni.

Akajibu kwa sauti, dakika nne nzima.

"Peris, my dear, eSIM ni mambo ya watalii na mabosi. Wewe na hiyo simu ya kuokota utaiharibu bure. Halafu inatumia roaming, na roaming nimewaambia mara ngapi msiguse? Wakikuchomolea laini, nipigie mimi. Nitaongea na kafili wako, huyo mwajiri anayekudhamini, man to man."

"Nikupigie na nini?" nikaandika.

Akanijibu kwa alama ya kidole gumba. Watu kumi na wawili nao wakaweka vidole gumba juu ya kidole gumba chake.

Nikamwomba dada yangu Velma, aliye Nairobi, aninunulie. Alinunua ya Saudia, gigabaiti tano kwa siku thelathini, akanitumia ile picha ya miraba myeusi na myeupe ambayo simu huisoma kwa kamera. Lakini simu iliyotakiwa kuipiga picha ndiyo hiyo hiyo iliyoibeba, na kamera haiwezi kujigeuza itazame kioo chake yenyewe.

"Chini ya picha kuna maandishi," nikamwambia Velma. "Nisomee herufi moja moja."

Alinisomea nikiwa napiga pasi kanzu za Baba, mume wa Madam, nami nikaziandika kwa mkono mmoja, nikitumia waifai ya nyumba. Simu ikafikiri kidogo, ikasema laini ya pili imeongezwa. Nikaipa jina "Mama Mboga" nikaizima. Siku thelathini za laini ya namna hiyo zilikuwa zianze kuhesabiwa siku itakapogusa mnara wa Saudia, kwa hivyo niliiacha ilale.

Mkataba ukaisha. Nilimfuata Madam sebuleni.

"Madam, miaka miwili imetimia. Nataka kurudi nyumbani."

"Baada ya Ramadhani."

Ramadhani ilikuwa miezi mitano mbele. "Madam, mkataba unasema—"

"Halas, Peris." Yaani basi, yameisha.

Wiki mbili baadaye tulikuwa kwenye ndege ya Jeddah. Mama yake alikuwa ameanguka na kuumia nyonga, akahitaji mtu wa kumwogesha na kumpikia, na mtu huyo nikawa mimi. Niliambiwa nifungashe asubuhi ile ile.

Nyumba ya mama huyo, niliyemwita Bibi, ilikuwa mtaa wa Rawdah, marumaru kila mahali hadi ngazi za kupandia darini. Tulipomaliza kunywa chai, Madam alininyooshea kiganja.

"Simu."

Nikampa. Akavua hereni, akachomeka ncha yake kwenye kile kitundu cha ubavuni, kitrei kikatoka, akaichukua kadi yangu. Kisha akafungua mkoba, akatoa lile kopo. Alikuwa amesafiri nalo! Karibu kilomita mia tisa angani, mwanamke amepakata kopo la biskuti. Akaifunga kadi kwenye tishu, akaandika jina langu, akanirudishia simu kwa madaha kama anayetoa sadaka.

"Tazama picha zako. Mafi laini, mafi kelele." Hapa hakuna laini, hakuna kelele. Nenosiri la waifai ya pale hakunipa.

"Sawa, Madam," nikasema, nikainamisha kichwa. Nadhani katika miaka yote miwili sijawahi kuinama vizuri kama siku ile.

Alasiri alipolala nilipanda darini, kwenye chumba cha kufulia. Nikaingia kwenye mipangilio ya simu, nikamtafuta Mama Mboga, nikamwasha. Simu ikaandika kwamba hakuna mtandao. Nikangoja. Nikaizima nikaiwasha tena. Hakuna mtandao. Nikakaa juu ya ndoo, jasho likinitiririka mgongoni, nikasikia sauti ya Laban kichwani, ile ya dakika nne, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba huenda yule mjinga alisema kweli.

Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyonikumbusha. Roaming! Laini ya msafiri imetolewa na kampuni ya nchi nyingine, kwa hivyo hapa Saudia laini hiyo ni mgeni, inaazima minara ya wenyeji. Ukiinyima roaming umemwita mgeni halafu ukamfungia mlango. Nikawasha kile tulichokatazwa kukigusa. Kikaja kijiti kimoja, vikaja vitatu, na simu ikaanza kutetemeka mkononi kwa ujumbe uliokuwa ukinisubiri. Wengi hudhani kadi ikitoka, WhatsApp inakufa. Yangu haikufa. Namba yangu ilikuwa imeshathibitishwa zamani, na kilichokosekana ni intaneti tu.

Laini hiyo haikuwa na namba ya kupiga simu za kawaida, ni data tupu. Ilinitosha. Kwa haki, nilimwandikia Laban kwanza, kwa kuwa aliahidi mbele ya watu. Nikamweleza nilipo na kilichotokea.

"Noted," akajibu. "Niko kwenye meeting. Tutaongea weekend. BTW umeandikaje kama laini imechukuliwa?"

Nikamwacha na meeting yake. Nikamwandikia Velma, naye ndani ya nusu saa akanipatia namba ya afisa wa ubalozi, Bi Priscilla. Nilimtumia picha ya mkataba, picha ya ikama, na ramani ya mahali niliposimama. Alinijibu kwa sauti ya mtu aliyezoea.

"Dada, unakula?"

"Nakula."

"Unapigwa?"

"Sipigwi. Nimezuiwa tu."

"Kwenye karatasi, kafili ni nani?"

"Ni Baba. Yuko Riyadh. Madam hajatajwa popote."

"Basi tutampigia Baba. Usibishane na mtu yeyote. Endelea na kazi yako, na simu iwe na chaji."

Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, nilikuwa jikoni nakata kotimiri, Bibi kando yangu kwenye kiti chake cha magurudumu anamenya chungwa. Simu ya Madam ikalia ukumbini. Sauti ya Baba niliisikia hadi jikoni. Yeye ni mtu wa ofisi ya serikali, mpole, mwoga wa aibu, na ubalozi ulikuwa umempigia akiwa kazini, wenzake wakimsikiliza.

Madam aliingia na kopo. Akalipindua juu ya meza, vifurushi sita vikamwagika kando ya kotimiri. Akachana tishu yenye jina langu.

"Kadi yako hii hapa! Umepiga vipi?"

"Sikupiga, Madam. Niliandika."

"Kwa kadi ya nani?"

"Haina kadi."

Akaninyang'anya simu. Hereni ikatoka sikioni, kitrei kikatoka ubavuni, kitupu. Akakiinua kwenye taa. Akaitikisa simu karibu na sikio, namna mtu anavyotikisa yai kujua kama ni viza. Akavua kava la nyuma, akapitisha kucha kila pembe.

"Iko wapi?"

"Iko ndani, Madam. Haichomoki."

"Kila kitu huchomoka!"

Nilikuwa nimedhani siku kama hiyo nitafurahi. Sikufurahi. Nilimtazama akihangaika na ile hereni, nikajisikia dharau, na chini ya dharau hasira. Siku mia saba na zaidi nilikuwa nimemwogopa huyu. Nilikuwa nimeamka kwa kengele yake, nimekula baada ya paka wake, na kumbe akili yake yote ya kutawala watu ilitosha kwenye kopo.

"Abeer," mama yake akasema bila kuinua macho kwenye chungwa. "Mpe binti simu yake. Unatuaibisha."

Simu ya Madam ikalia tena ukumbini, Baba huyo. Madam akatupa yangu mezani akatoka mbio kuipokea. Nikabaki na vile vifurushi vitano vingine. Majina sikuweza kuyasoma. Lakini mgongoni mwa kila kadi huchapishwa tarakimu zake, na kwa tarakimu hizo kampuni inaweza kujua ilisajiliwa kwa ikama ya nani. Niliwahi kuzinakili mamia ya mara Kimilili. Nikazipiga picha zote tano, Bibi akinitazama, nikamtumia Bi Priscilla.

"Hawa wanawake ni akina nani?" nikamuuliza Bibi kwa Kiarabu changu cha jikoni.

"Walikwenda," akasema. Akaweka chungwa chini, akaongeza, "Mmoja alikuwa analia sana."

Ilichukua muda kuwapata. Watatu walikuwa wamerudi kwao salama, wawili Kenya, mmoja Uganda. Wa nne alikuwa Riyadh, amekabidhiwa nyumba ya binamu ya Madam kama mtu anavyoazimisha sufuria, na mama yake huko Murang'a alikuwa ameipigia namba iliyokufa kwa miezi kumi na minne. Jina lake Wambui. Alitolewa. Wa tano hawajampata, na Bi Priscilla aliponiambia hivyo hakujaribu kunifariji.

Mimi, Baba alinitolea kibali cha kuondoka siku ile ile. Alikitoa kwenye programu ya simu yake, kwa kidole, dakika mbili. Dakika mbili! Na mwanamke alitaka ningoje miezi mitano. Siku sita zilizobaki nilimwogesha Bibi na kumpikia, kwa sababu yeye hakunikosea, na Madam akawa anapita kando kando ya ukuta kama ndiye aliyeajiriwa.

Nikiwa uwanja wa ndege wa Jeddah, Laban aliandika kwenye grupu. "Following my intervention and quiet diplomacy with the kafil, our girl Peris is going home. To God be the glory." Mikono ya maombi ikaanza kumiminika. Mama Nehemiah peke yake aliuliza, "Wewe uliongea na nani?"

Mimi nikaandika, "Injinia, meeting iliisha?" Nikajitoa kwenye grupu, nikapanda ndege.

Nyumbani, siku ya tatu, jirani yetu mama Cliff alikuja kuuliza juu ya ajenti. Ana binti aliyemaliza shule, na ajenti amemwambia kule ni kuzuri, ni mtu kujituma tu. Nilimweleza yote, sikumpunguzia hata moja, na nilipofika kwa yule ajenti na suti yake ya kukodi nilisema maneno yaliyomfanya Mama akohoe kunionya.

Jirani alipoondoka, Mama akakusanya vikombe polepole.

"Peris, wewe siku hizi una dharau. Hukuwa hivyo."

"Ndiyo, Mama."

"Itakuisha?"

"Sijui," nikasema. Nikachukua vikombe mkononi mwake nikaenda kuviosha, kwa wakati niliotaka mwenyewe.