Fisi Aliyepewa Ghala

Mwalimu Nyaboke alikuwa muoga, na hilo halikuwa siri. Alimwogopa mbwa wa jirani, aliogopa ngurumo, alimwogopa hata mwalimu mkuu Maina, mtu ambaye nzi humtulia puani asimfukuze. Sasa niambieni, mwanamke wa namna hiyo, mgeni kutoka Kisii, alipatwa na nini hata akaandika mchezo wa kuigiza mwaka ule wa themanini na nne, mwaka wa njaa na mahindi ya njano ya msaada?

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kitoto. Fisi anapewa ghala la kijiji alilinde, mahindi yanapungua, na wanyama wanapomuuliza anajibu, "Wameyala panya." Basi. Fisi huyo Nyaboke alimtoa kwa ami yake kule kwao, aliyekabidhiwa sukari ya matanga akaimaliza peke yake. Kina mama wa kanisa wakaukariri. Sidi, msuka makuti mwenye mdomo wa kuchekesha, ambaye wanawe siku hizo walikuwa wakila maembe mabichi ya kuchemsha, akapewa kuwa Fisi.

Siku ya wazazi Sidi akatoka na mkia wake wa katani, akasema, "Wameyala panya." Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza ghafla. Shingo zote ukumbini zikageuka, zikamtazama Chifu Laban kwenye kiti cha mbele.

Nyaboke hakuelewa. Ramila mwenye duka, aliyekaa kando yake, akamnong'oneza: "Wewe mwalimu, una wazimu? Si hivyo hivyo chifu alivyosema barazani Jumatano, alipoulizwa mahindi ya msaada yako wapi?"

Jumatano Nyaboke alikuwa darasani akifundisha kugawanya.

Jumatatu askari akaja kumwita. Maina akajifanya anatafuta chaki. Miaka ile, ndugu zangu, mtu aliitwa kwa swali dogo tu asirudi, na watu wake wakaogopa hata kulitaja jina lake. Nyaboke alikwenda akijiambia moyoni: nitasema ukweli, ni ami yangu tu.

"Nani alikupa maneno yangu?" Chifu Laban akauliza. Hakumkaribisha kiti.

"Hakuna, mzee. Haki ya Mungu nimeyabuni. Sikujua kama na wewe..." Akajiziba mdomo.

Chifu alimtazama, na Nyaboke akaona jambo lililomtisha zaidi: mzee huyu naye anaogopa. "Ungekuwa umeambiwa, ningemshika aliyekuambia," chifu akasema taratibu. "Sasa nimshike nani? Hadithi umebuni wewe, lakini mimi wamenitia humo wao waliogeuza shingo." Akagonga meza. "Jumamosi mkuu wa tarafa anakuja. Mtaucheza tena mbele yake. Fisi awe hana hatia. Panya washikwe, waungame. Likizidi neno moja, mwalimu, utajieleza kwa wengine, si kwangu."

Nyaboke akaandika upya. Fisi akawa mwema kama malaika. Kwenye mazoezi akawasihi kina mama, karibu alie: "Msiongeze kitu. Nitafungwa mimi. Sidi, dada yangu, nakuomba."

"Neno halitanitoka, Mwalimu," Sidi akasema, na alikusudia hivyo kweli.

Jumamosi panya waliungama, wala hakuna aliyecheka. Chifu akaanza kutabasamu. Nyaboke akashusha pumzi, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Ilibaki Fisi ainame na kutoka. Lakini Sidi alibaki amesimama, akiwatazama wale panya kwa namna mtu anavyotazama sufuria tupu. Midomo ikamcheza.

"Nanyi panya," akauliza, "ufunguo wa ghala mliupata wapi?"

Lahaula! Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Shingo zikageuka tena, na safari hii hata ya mkuu wa tarafa ikageuka. Chifu alikuwa akijifuta jasho. Mkuu wa tarafa hakucheka. Aliinua fimbo yake, kicheko kikakatika.

"Hilo neno la ufunguo ni la nani?"

Nyaboke akafungua kinywa. Ukweli alikuwa nao, na mara hii ungemwokoa: si langu, mimi sikuliandika. Akamwona Sidi pale jukwaani, mkia umemdondoka, ameishika kanga yake kwa mikono miwili, hawezi kusema wala kukimbia. Askari wawili mlangoni walikuwa wamekwisha kumkazia macho.

"Ni langu," Nyaboke akasema. Sauti ilitoka nyembamba, ikambidi airudie. "Mtungaji ni mimi. Maneno yote ya Fisi ni yangu."

Askari wakamjia. Magoti yalimgongana vibaya hata akashindwa kuinuka, na Sidi ndiye aliyeshuka jukwaani akamshika mkono, wakaenda pamoja hadi mlangoni.