Mbegu Iliyotembea Ruiri

Daktari Munyi, mkuu wa utafiti wetu, aliniita ofisini kwake pale Kinoru, mjini Meru, kabla sijamaliza chai, akafunga mlango. Nikajua tu ni upuzi unakuja. Mambo ya maana tulikuwa tukiyaongea mlango ukiwa wazi.

"Kajuju," akasema, "hizi namba zako hazisemi kitu."

"Zinasema, Daktari. Zinasema hatujui."

"Wafadhili hawakututuma Ruiri ili waje kusikia hatujui!"

Wacha nieleze, maana hata mama yangu haelewi kazi ninayofanya. Kulikuwa na mbegu mpya ya maharagwe, inayosemekana kuvumilia ukame. Tulitaka kujua kama kweli inazaa kuliko mwitemania, yale maharagwe ambayo watu wa Ruiri wamepanda tangu zamani. Hatukuchagua mkulima mmoja mmoja. Tulichukua vijiji vizima, tukapiga kura uwanjani kwa chifu watu wote wakitazama. Kijiji kikitoka na karatasi yenye alama, kinapewa mbegu mpya. Kikikosa, kinaendelea na mwitemania yake, halafu baada ya mavuno tunalinganisha. Karatasi zilikuwa ndani ya kofia, na mimi ndiye niliyeishika. Kijiji cha mama mmoja anayeitwa Gladwell kilikosa, naye akanitukana kwa Kimeru safi kabisa. Alipomaliza akauliza, "Hii kura mtaigeuza baadaye mkipenda?" Nikaapa mbele ya kila mtu kwamba haigeuzwi. Akaenda zake kupanda.

Sasa kuna jambo tulilosahau, na sisi wote ni watu wa huku huku mlimani! Kwetu, mwanamke akikutembelea na kiondo, kile kikapu cha kusuka, humwachi arudi nacho kitupu. Ni aibu. Gladwell ana dada zake walioolewa ng'ambo ya barabara, kwenye vijiji vilivyopata. Walimtilia nini kwenye kiondo? Mbegu, si ndiyo hiyo! Na si yeye peke yake. Msimu haujafika katikati, mbegu mpya ilikuwa imeota karibu kila kijiji kilichokosa. Sisi watafiti wazima, tuliolelewa na vyakula vya viondo vya shangazi zetu, hatukuwaza hilo hata siku moja. Nilicheka mpaka nikakasirika.

Munyi yeye hakucheka. Alikuwa na dawa yake.

"Ni rahisi," akaniambia. "Wale wa vijiji vilivyokosa, waliopanda mbegu mpya wakavuna vizuri, wahamishe kwenye hesabu ya vijiji vilivyopata."

"Na waliopanda wakaambulia mabua?"

"Hao waache walipo. Hawakufuata maagizo."

Aki huyu mtu!

"Na uache kuhesabu kwa vijiji," akaendelea. "Vijiji ni vichache. Hesabu wakulima, wako mamia, matokeo yatapata nguvu."

"Daktari, kijiji kimoja kinakula mvua moja. Ikinyesha kwa Gladwell, imenyesha na kwa jirani yake. Wote wakivuna vizuri, hiyo ni habari moja, si habari mia. Tulipiga kura ya vijiji, tutahesabu vijiji. Na kila mtu atahesabiwa pale kura ilipomweka, hata kama alipanda mawe."

"Wewe na hasira zako."

"Hasira ninayo. Na hesabu ninayo pia."

Akainuka kufungua mlango. "Ijumaa tunasoma matokeo Ruiri. Utasimama useme mbegu imeshinda. Ukikataa, huna kazi."

Niliogopa, sitadanganya. Kazi za takwimu Meru hazipatikani kila kona kama miraa. Nililia ndani ya tuk-tuk mpaka dereva akapunguza redio. Lakini kila nikifikiria kusema ile sentensi, nilimwona Gladwell akipika mwitemania yake yote, mpaka ile ya kupanda, kwa sababu mimi nimemwambia kuna nzuri zaidi. Msimu ukimkatalia, atapanda nini? Hasira ikarudi, na safari hii nikaikaribisha.

Ijumaa uwanja wa chifu ulijaa. Munyi akaanza na maombi, akashukuru wazee, akatangaza, "Mbegu mpya imeshinda! Msimu ujao kila mtu apande hii tu. Mtaalamu wetu atawaeleza."

Nikasimama. "Haijashinda," nikasema. "Wala haijashindwa. Vijiji vilivyopata na vilivyokosa vilivuna karibu sawa, na hiyo tofauti ndogo iliyopo yaweza kuwa ni mvua tu. Mbegu ilitembea ikaingia kila mahali. Hamna makosa, mligawana na ndugu zenu. Tulioupanga utafiti vibaya ni sisi. Na hii ripoti ya Daktari imewachagua waliovuna vizuri ikawaweka upande mmoja, ndiyo mwone ushindi."

Watu wakaguna.

"Keti chini, Kajuju," Munyi akasema.

"Siketi."

"Basi kuanzia sasa huna kazi. Leta kitambulisho cha ofisi."

Nilikivua shingoni nikampa mkononi. Kila mtu aliona. Wacha waone.

Gladwell akainuka pale mbele. "Mwari," akaniita, vile mama huita binti yake. "Mimi nina shamba moja tu. Nipande ipi?"

"Sijui, mama. Panda mwitemania yako, hiyo ingine uijaribu kwenye kona, mpaka mtu aje aichunguze vizuri kuliko sisi."

Aliitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia Munyi. "Daktari, huyu mtoto umemfuta kazi kwa kusema hajui. Wewe unajua?"

Munyi akafungua ripoti. Akaifunga. Uwanja mzima ulikuwa ukimngoja, na mimi sikuondoka, nilisimama pale pale nikimngoja pamoja nao.