Nyumba Moja Haijipi Maji

Marielos alikuwa hajawa mke wa mtu hata kwa muda wa kumaliza tamale yake, ule mkate wa mahindi wa majanini, na tayari ndoa ilikuwa imeshamletea taabu.

Taabu yenyewe ilitokea jikoni. Doña Noemy, mama yake bwana harusi Ólger, alitoka nyuma ya ukumbi wa kijiji cha Copalar ameshika sufuria tupu, akaikabili meza ya maharusi kama mtu anayemwendea refa.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa nakupenda, na leo nimezidi. Lakini mabomba yenu yanapiga miluzi tu. Kuku wameiva, mchele bado mkavu, na vijiji vitano vimekaa humu vinanusa."

Ilikuwa Machi, kiangazi kimekolea, na Copalar imekaa juu kabisa mgongoni mwa kilima. Maji yake husukumwa na pampu iliyo chini, Quebrada Mora, na vijiji hupokezana zamu. Zamu ya Copalar ilikuwa imepita, na wageni walikuwa wamekausha tangi kwa kunawa na kuogesha farasi wao wa maonyesho.

Marielos akacheka. Maji ndiyo yalikuwa kazi yake. Yeye ndiye aliyeweka kompyuta ndogo katika kijumba cha tangi cha kila kijiji, zikawa zinaongea zenyewe kwa redio. Moja ikizimika nyingine zinaendelea, wala hakuna iliyo bosi wa mwenzake. Yeye ndiye aliyegawa nyadhifa: huyu mwombaji, yule mwidhinishaji, yule msoma mita. Mtu haruhusiwi kwa sababu ya sura yake wala ukoo wake, anaruhusiwa kwa kazi aliyoshika, na siku akiiacha, ruhusa anaiacha hapohapo. Zamani kulikuwa na ufunguo mmoja wa chuma, na kila aliyeushika aliwamwagia binamu zake maji mpaka mibuni ikaoza mizizi, huku jirani akinyoa ndevu kwa kahawa iliyopoa. Ndiyo maana aliweka sharti moja ambalo mkutano ulilipigia makofi: anayeomba na anayeidhinisha wasiwe wa nyumba moja.

Mwombaji wa Copalar alikuwa yeye. Mwidhinishaji wa pampu alikuwa Ólger. Ndivyo walivyojuana. Yeye anaomba, yule anaidhinisha, miezi ikapita hivyo, mpaka siku moja chini ya neno "limekubaliwa" kijana akaongeza: "Umekula lakini?"

"Mume wangu," Marielos akasema, akijisikia raha kulitamka neno hilo, "nipe maji."

Akatoa simu kutoka mahali bibi harusi anapoficha simu, akabonyeza kidole. Ólger akabonyeza chake. Simu ikawaka nyekundu: ombi limekataliwa, mwombaji na mwidhinishaji ni wa nyumba moja.

"Nani kaiambia?" Ólger akauliza. "Hata mchele tuliorushiwa kanisani bado ninao kwenye nywele."

"Mimi!" Doña Hannia, katibu wa chama cha maji, akainuka meza ya tatu, uso unang'aa. "Ndiyo zawadi yangu! Padri hajavua joho nilishawaandika nyumba moja, mita moja. Mlitaka mlale leo chama kinawajua kama watu wasiojuana?"

Ukumbi ukampigia makofi. Katika milima ile padri anaanza ndoa, lakini inayoikamilisha ni mita.

"Asante, doña Hannia," Marielos akasema kwa sauti ndogo. "Unaweza kutufuta?"

"Kuivunja nyumba? Mpaka mkutano ukae, binti. Si wewe mwenyewe uliyetaka hivyo?"

Ni kweli, alitaka hivyo mwenyewe.

Hapo akasimama don Abdénago, mwenyekiti, mzee mwenye tumbo na msimamo. "Nilisema, na mkakubali wote. Siku hicho chombo kitakapotunyima maji, tunang'oa na kurudi kwenye ufunguo. Spana ninayo ndani ya gari. Bendi wanapumzika; wakishika tena matarumbeta na bomba bado linapiga mluzi, mimi nashuka."

Miaka yote ya Marielos ya kubembeleza wazee, kupanda milima na betri mgongoni, kumfundisha kila mtu kwamba neno la siri haliazimishwi kama panga, ilikuwa imening'inia kwenye sufuria la wali.

Kaka yake Yeudy akamjia sikioni. "Dada. Upepo si uliangusha mlingoti wa redio wa kijiji cha Piedra Grande?"

"Uliangusha. Nitaurudisha baada ya fungate."

"Basi ile kompyuta haijapata habari za harusi. Na ina waya wake mpaka kwenye pampu. Twendeni na pikipiki, mnabonyeza mle mle. Kule bado hujaolewa!"

"Nani hajaolewa?" Doña Noemy akafoka, sufuria juu.

"Mimi, mama. Piedra Grande."

"Ólger! Unasikia mkeo anavyosema?"

"Nasikia, mama. Na mimi huko bado kapera, eti."

Watu wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Lakini Marielos alikuwa anapima jambo lenyewe. Pikipiki ilikuwa nje. Njia ni fupi. Maji yangekuja, Abdénago angekaa chini, na hakuna ambaye angejua. Ila yeye angejua, na Yeudy angejua, na Yeudy hajawahi kutunza siri hata ya keki.

"Hapana," akasema. "Lile ni tundu, nami ndiye niliyeliacha wazi. Nikipita humo leo na shela, kesho kila binamu atapita humo na suruali."

"Basi tule mchele mbichi," Yeudy akasema.

"Yupo mwidhinishaji mwingine."

Ólger alijua ni nani, akakohoa. Nusu ya ukumbi ilijua pia, maana shingo zote ziligeukia pembeni walikoketi wapiga matarumbeta. Mínor Chinchilla alikuwa amepakata tarumbeta lake la besi kama mtu aliyebeba ndama. Zamani alikuwa mchumba wa Marielos. Waliachana vibaya, kwa makelele, njiani, mbele ya watu waliotoka kanisani, na tangu hapo hawakuwahi kusalimiana. Leo alikuja kwa sababu bendi haina besi nyingine.

Marielos akakusanya shela, akakatiza ukumbi.

"Mínor."

"Bibi harusi." Macho yake kwenye tarumbeta.

"Naomba maji."

"Kwangu? Mimi napuliza tu."

"Wewe ni mwidhinishaji wa pampu, pamoja na Ólger. Ni zaidi ya mwaka sasa. Ulitumiwa ujumbe."

"Unaotoka kwako huwa siufungui." Akainua uso. "Nani kanipa huo wadhifa? Hannia?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe uliyeniambia pale njiani, watu wote wanasikia, kwamba usingeniachia hata ufunguo wa banda la kuku?"

"Nilisema hivyo. Nilikuwa na hasira, na lile banda kweli uliliacha wazi." Mtu akacheka, akanyamazishwa. "Lakini pale pampu palihitaji mtu wa pili. Nikawapitia wote kichwani. Huyu ananiogopa, yule mama yake ni rafiki ya mama yangu, yule mwingine ananipenda. Nilitaka mtu anayeweza kunikatalia."

Mínor akalitafuna hilo. Akamtazama Ólger kule mezani, akamtazama Abdénago ambaye alishatoa funguo za gari mfukoni. Wenzake wa bendi walikuwa wanajipangusa midomo tayari kwa kupiga.

"Yaani naweza kukataa?"

"Unaweza."

"Na hakuna wa kunipita?"

"Hakuna. Hata mimi."

"Haya. Nakataa."

Ukumbi ukaguna kwa pamoja. Doña Noemy akaliweka sufuria juu ya meza kwa kishindo. Marielos akaitikia kwa kichwa. "Sawa," akasema. "Ni haki yako."

Midomo ya Mínor ikaanza kucheza, kisha mabega, kisha tarumbeta lenyewe. "Mnamwona? Kakubali! Mwanamke huyu, niliyebishana naye hata jua linatokea wapi, kakubali!" Akafuta machozi kwa mkono wa shati. "Lete simu. Ngoja nisome. Umeomba maji mpaka jioni? Nani ataoga hapa, tembo? Quebrada Mora nao wana ng'ombe. Nakupa ya kupikia, ya kahawa na ya kuoshea nusu ya vyombo. Basi."

"Mínor, mwanangu, nusu ya vyombo?" doña Noemy akalia.

"Nusu, doña. Nimepewa cheo leo, niacheni nikitumikie."

Akabonyeza kidole. Simu ikawa kijani. Wote wakatega sikio, na ukuta wa jikoni ukaanza kunguruma, bomba likapiga chafya mara kadhaa, likatema kutu, halafu maji yakaja kwa nguvu na kumlowesha mpishi mpaka kiunoni. Shangwe iliyolipuka iliwarusha kuku wote wa jirani juu ya uzio. Don Abdénago alizirudisha funguo mfukoni, akadai wali wake uwe na kuku wa paja.

Walikula, walicheza. Maharusi walibishana wakiwa katikati ya dansi nani kati yao ataachia wadhifa, maana nyumba moja haiwezi kubaki na nyadhifa zote mbili, na kila mmoja alikuwa na hakika ni mwenzake.

"Wewe unapenda kulala asubuhi," Marielos akasema.

"Na wewe unapenda kuomba," Ólger akajibu, akakanyagwa mguu.

Walikuwa bado wanabishana wakati yowe lilipotoka jikoni. Doña Noemy alitokeza mlangoni, mikono imejaa povu mpaka viwikoni, bomba nyuma yake limekauka kau.

"Mínor Chinchilla! Washa maji, mwanaharamu wee! Vyombo bado!"

Mínor alimwonyesha kwa kidole kimoja kwamba nusu ilishapita, akavimbisha mashavu, akaendelea kupuliza.

"Bibi harusi! Mwambie huyu!"

Marielos alicheka mpaka shela likamvuka kichwani, akaliacha lianguke. Kisha akaenda jikoni, akachukua kitambaa, akaanza kumfuta mama mkwe povu.

"Siwezi, mama," alisema, na alikuwa hajawahi kusema neno kwa furaha kiasi kile. "Kweli kabisa, siwezi."