Nyumba ya Moshi Pale Mwaloni

Martine alikuwa akigeuza samaki aina ya ngege juu ya tanuri kwa vidole, kwa sababu koleo lake lilibaki chini ya ukuta tangu tetemeko la Machi. Nyumba zote za mwalo ule wa wavuvi zilikuwa zimelala chini, na mitumbwi kadhaa imepasuka. Martine, mjane aliyekimbia vita vya upande wa Beni, alikuwa akilala na binti yake Kahambu ndani ya mtumbwi mmojawapo, umefunikwa kwa nyavu mbovu.

Kila aliyebomokewa alipewa mabati mawili ya kuanzia, mengine yangefuata. Martine alifanya ambalo mkausha samaki yeyote wa ziwa lile angefanya. Aliyalaza yote mawili juu ya tanuri, moshi usipotee bure.

Karani wa misaada alipopita, alikuta samaki wana paa na wenyewe hawana.

"Mama, hii mabati ilikuwa ya nyumba," alisema.

"Samaki ikilowa inaoza, afande. Siye tukilowa, tunakauka."

Karani hakucheka. Alisema mama huyu anachezea msaada, basi mabati yaliyobaki asitegemee. Danieri, mkuu wa mwalo, aliyekuwa amesimama kando, akaongeza kwa upole kwamba kiwanja kitakachokosa nyumba mvua zikiisha kitarudi mikononi mwake, awagawie wenyeji. Wenyeji aliokuwa nao moyoni ni shemeji zake. Bila kiwanja hakuna tanuri, na bila tanuri Martine angerudi kule alikokimbia. Alikasirika. Kisha akaongeza kuni.

Siku iliyofuata moshi haukuondoka. Ulitoka kando ya mabati, ukaenda mpaka palipokuwa na ukuta wa zamani, ukasimama. Jioni ulimfika Martine magotini, kesho yake mabegani. Kahambu aliuegemea akala muhogo wake. Moshi ulikuwa umeacha nafasi ya mlango upande wa ziwa, na Martine akauambia kwamba huko kuna viboko. Mlango ukahamia upande wa barabara. Jumamosi paa lilifunga. Mvua ikaja, ikateleza juu yake, ikaenda zake ziwani.

Faruku, aliyekuwa akipeleka samaki soko la Bwera kwa pikapu yake, aliugonga ukuta kwa kiganja kama mtu anayechagua jungu sokoni.

"Hii iko nguvu kuliko ile yangu ya Bwera," alisema. "Lakini itanuka samaki."

"Nayo pesa yako inanuka nini?" Martine alimuuliza.

Faruku akacheka, akapakia samaki.

Wanawake wengine, wengi wao wajane kama yeye, wakaja kuuliza. Martine aliwaambia wawafunike samaki kwanza. Wakateremsha mabati yao kutoka kwenye vibanda vyao vya muda, wakayalaza juu ya matanuri, wakalowa siku mbili tatu bila kulalamika sana. Mvua zilipoanza kupungua, mwalo ulikuwa na mtaa mzima wa nyumba za kahawia, na pikapu ya Faruku ilikuwa ikiondoka imejaa hadi juu. Watoto walinenepa tena. Ilifurahisha kuwaona.

Karani akarudi. Alitundika kofia yake kwenye ukuta wa Martine, akaomba maji, akanywa.

"Hii ni nyumba," alisema.

"Iko nyumba, afande."

Kiwanja kikabaki cha Martine. Shemeji za Danieri wakaenda kutafuta pengine. Kisha karani akatazama mtaa wote, akasema kwamba watu waliokwisha kujenga hawana haja ya mabati tena. Yaliyobaki yakakabidhiwa kwa Danieri ayatunze. Danieri akayatunza juu ya duka lake jipya, yakiwa yamepigiliwa misumari vizuri. Yalikuwa mabati ya wajane, na mwalo mzima ulijua.

Alasiri moja mvua ilinyesha kubwa. Ndani ya nyumba ya moshi haikusikika kabisa. Kilichosikika ni mabati ya duka, yakipigwa na mvua ile ile.

"Mama," Kahambu aliuliza, "ile makelele ni ya bati yetu?"

"Njo yetu," Martine alisema, akamsogezea samaki. "Kula, mutoto wangu."