Samaki wa Ndiva

Zipora alipenda kujisifu kwamba katika miaka thelathini na mitatu ya kuhudumu zahanatini hakuwahi kukosea uzito wa mtoto. Anambeba tu, anataja kilo, mzani unakuja nyuma kukubali. Kisha anacheka mwenyewe na kukiri kwamba mara moja alitaja kilo tisa kwa majivuno mbele ya wamama wote, kumbe ndani ya kanga, pamoja na mtoto, kulikuwa na chupa ya mafuta ya taa.

Jumanne hiyo alikuwa kwenye benchi la ofisi ya mafao, Same mjini, na sweta lake. Sweta lilikuwa na maana kwao Vudee, juu milimani, saa kumi na moja alfajiri. Saa tatu huku bondeni lilikuwa adhabu. Hakulivua, maana gauni la ndani lilikuwa limechanika kwapani.

Alistaafu Juni. Sasa ilikuwa Machi, na hii safari ya kumi na moja. Nauli ilikuwa imepanda mara mbili tangu safari ya kwanza, na hii ya leo aliipata kwa kuuza kuku aliyekuwa bado anataga. Januari upepo ulibeba bati za nyumba yake ukazitupa kwenye migomba ya jirani, zimekunjamana kama karatasi. Tangu hapo analala jikoni, na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya mlima Shengena. Kiinua mgongo hakikuwa utajiri kwake. Kilikuwa paa.

Afisa aliyeitwa Rodrick alifungua kabati, akalitazama, akalifunga.

"Mama Irene, faili lako bado halionekani. Nadhani lilikwenda Moshi na mengine."

Zipora alimkumbusha kwamba ni rahisi kulitambua. Siku alipolileta, ofisi haikuwa na kamba, akalifunga kwa bendeji aliyokuwa nayo mkobani. Rodrick akasema analikumbuka sana, na ndiyo maana linamuuma. Kisha akainama, akashusha sauti. Kuna mtaalamu mmoja, anaitwa Godwin, anapangia wastaafu maisha yao. Huwa anakaa mgahawa wa nyuma ya stendi. Akishika jambo la mtu, mambo hutembea.

"Ni ndugu yako?" Zipora akauliza.

"Hapana, mama. Mimi hata simjui vizuri. Nasikia tu watu wanamsifu."

Pembeni, Mzee Asheri, dereva mstaafu aliyekuwa akingoja mafao yake mwaka wa pili, alikohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani.

Mgahawani, Godwin alikuwa na shati jeupe, tai, na mkoba mweusi uliovimba kama shavu lenye jino bovu. Alisimama, akatoa shikamoo ya heshima, akamwagizia chai na chapati mbili. Zipora akaitikia marahaba na kula zote mbili. Aliona hakuna ubaya kumshuku mtu ukiwa umeshiba.

Kijana aliongea vizuri. Alieleza jinsi wastaafu wanavyokufa maskini kwa kukosa mpango: pesa inaingia, wajukuu wanaijua, mwaka hauishi. Yeye angechukua asilimia kumi kama malipo ya kazi yake. Hela yote ingepitia kwanza akaunti ya kampuni, halafu kila mwezi mama angetumiwa kiasi cha matumizi, bila presha. Na faili?

"Ukisaini leo, mama, wiki ijayo faili limepatikana. Tuna mtandao wetu."

Hapo Zipora alipiga hesabu. Asilimia kumi ilikuwa mlango na madirisha. Lakini asilimia tisini ya paa ni bora kuliko paa zima la kwenye maneno, na mvua haingoji mtu amalize kushuku. Alihisi mkono wake ukiisogelea kalamu.

Godwin, kwa kuona hivyo, akaongeza utamu. Akamwonyesha picha kwenye simu: bwawa limejaa maji hadi ukingoni, kuta za mawe, migomba nyuma.

"Huyu ni mteja wangu, Mzee Eliufoo, wa huko huko kwenu Vudee. Bwawa lake binafsi. Samaki elfu mbili humo."

Zipora aliomba simu, akaisogeza mbali na macho, kisha akaisogeza karibu. Jiwe la kushoto lenye umbo la kiatu alilijua. Alikuwa amelikalia akipumzika kila mara kijiji kilipoitana kwenye msaragambo, kila nyumba na jembe lake, kuzoa tope kwenye ndiva. Ndiva ile hukusanya maji usiku kucha na kufunguliwa asubuhi yaende mashambani kwa zamu. Hakuna mtu mwenye bwawa lile. Hata jiwe la kiatu watu huligombania.

"Hao samaki," akauliza kwa upole, "mzee anawavua saa ngapi?"

"Muda wowote, mama. Maji hayatoki humo mwaka mzima."

Basi, akawaza Zipora, saa nne asubuhi wanaogelea kwenye maharage.

Alirudisha simu, akasema sawa, atasaini, ila kazi aliianza zamani mno, hakumbuki vizuri, tarehe zimempotea.

"Usijisumbue, zote ninazo," Godwin akasema, akafungua mkoba. Akachomoa fomu, na kati ya mafaili yaliyobanana Zipora akaona bendeji. Ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu, lakini fundo lilikuwa lake, lile la kufungia kidonda cha mguu.

Aliomba chai nyingine, na ikiwezekana yenye tangawizi. Kijana mwenye adabu akaenda mwenyewe kaunta, mkoba akauacha wazi. Aliporudi, kitini kulikuwa na mwavuli wa Zipora tu, uliovunjika mbavu tatu, ulioachwa kumhakikishia kwamba mama ameenda chooni.

Ofisini benchi lilikuwa limejaa. Zipora alikwenda moja kwa moja mbele, mikono imekumbatia sweta kama mtu anayeumwa tumbo.

"Mmeelewana?" Rodrick akauliza.

"Anaongea vizuri sana. Ila nieleze tena habari za faili, mwanangu, masikio yangu yamezeeka."

Rodrick akapaza sauti ya kuongea na kiziwi, benchi zima likasikia. Faili liko Moshi. Alilipakia yeye mwenyewe Ijumaa. Ametoka kuongea nao sasa hivi, wamelishika mkononi.

"Lina bendeji yake?"

"Lina bendeji, mama. Wameniambia."

Zipora alifungua vifungo vya sweta kimoja kimoja, gauni lililochanika kwapani likaonekana, akaliweka faili juu ya meza.

Rodrick alilisukuma kidogo kwa ncha ya kidole. "Hiyo," akasema, "itakuwa kopi."

"Na bendeji nayo mmeitoa kopi?"

Benchi lililia watu waliponyanyuka, wazee watupu, wakishikana mabega. Mzee Asheri alifika mezani wa kwanza, akavua kofia yake.

"Bwana Rodrick," akasema taratibu, "la kwangu nalo uliniambia liko Moshi. Liko kwenye mkoba wa nani?"